Tugawane slaidi, au tupange somo pamoja?

"Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mbeya, huu ni mwaka wangu wa tatu. Muhula ujao tumepewa kozi ya mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, kama 280 hivi, mchanganyiko wa ualimu, biashara na uuguzi. Tuko walimu wanne kutoka idara tofauti na tumeagizwa tuiandae kwa pamoja na tutumie teknolojia. Tumeshakutana mara mbili. Kila tukikaa, kikao kinaishia kwenye kugawana mada: wewe sampuli, mimi dodoso, yule uchambuzi, kila mtu akatengeneze slaidi zake. Kijana wetu wa TEHAMA anataka turekodi video za mihadhara yote. Profesa wetu, ambaye amefundisha kozi hii miaka mingi, anasema wanafunzi wanahitaji chaki na kitabu, si michezo ya simu. Mimi nipo katikati. Projekta tunayo moja, maabara ina kompyuta 30 na zinazowaka ni kama 20, na umeme mnaujua wenyewe. Wanafunzi mtihani wanafaulu, lakini wakifika mwaka wa tatu wananakili andiko la mwaka jana na data wanapeleka steshenari zikachambuliwe. Tuanzie wapi? Tununue programu gani? Na kweli kuandaa somo watu wanne kuna faida, au tunapotezeana muda?"

Kamwene, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, maana hicho kikao chenu nimewahi kukikalia hapa Iringa. Majina tu ndiyo tofauti.

Kama nimekuelewa, kinachokusumbua si teknolojia. Unaogopa mtamaliza muhula mkitengeneza vitu vya kuonyesha wageni, halafu mwanafunzi yuleyule atafika mwaka wa tatu na flashi mkononi, anatafuta mtu wa kumchambulia data. Una haki ya kuogopa. Nimeona ikitokea, na mara moja nilikuwa mmoja wa waliosababisha.

Mwaka huo tulikuwa walimu watatu tukagawana mada kama mnavyofanya ninyi. Katikati ya muhula mwanafunzi mmoja akaja ofisini na daftari lake, kachora mchoro wa dhana za utafiti wake. Mwenzangu mmoja alikuwa amefundisha neno "kigeu", yaani jambo linalopimwa ambalo hubadilika kutoka mtu hadi mtu. Wa pili, kwa kitu hichohicho, alisema "kibadilika". Mimi, kwa uvivu, nilikuwa natumia lile la Kiingereza, "variable", bila kulieleza. Binti yule alikuwa ameyaweka yote matatu kwenye visanduku vitatu, na mishale kati yao, kimoja kinasababisha kingine. Alikuwa amesoma kwa bidii kweli. Sisi ndio hatukuwa tumeongea.

Kugawana mada ni kugawana kazi. Kupanga somo pamoja ni kitu kingine: mnakaa wote wanne mbele ya somo moja, mnabishana mwanafunzi atakwama wapi, mnaamua atafanya nini dakika kwa dakika, mmoja wenu analifundisha huku wengine wakiwa darasani wanawaangalia wanafunzi, kisha mnarudi mezani kurekebisha. Wajapani wamekuwa na utaratibu wa namna hii katika shule zao kwa zaidi ya karne moja. Hauhitaji mtambo wowote. Unahitaji saa chache na watu wanaokubali kutazamwa wakifundisha, na hilo la pili ndilo gumu.

Kwa nini wanne wawe bora kuliko mmoja anayelijua somo vizuri? Kwa sababu anayelijua vizuri hajui tena alivyolijua. Mtu aliyechambua data miaka kumi hakumbuki kwamba kuna siku neno "sampuli" lilimchanganya. Daraja alilovukia limeshafutika kichwani. Mwalimu wa uuguzi, ambaye takwimu zilimtesa, analiona shimo ambalo mtu wa takwimu analiruka bila kujua. Na kijana wa TEHAMA anajua chombo kinaweza nini, ila hajui kwa nini mwanafunzi wa biashara anachanganya wastani na idadi. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State kule Marekani waliliandika jambo hili kwa namna inayotumika hadi leo: kulijua somo, kujua kufundisha na kujua chombo ni maarifa matatu, na mwalimu anayefundisha vizuri kwa teknolojia anasimamia pale yanapokutana. Kwa vyuo vyetu mimi naongeza kwamba maarifa hayo matatu ni nadra kuyakuta kwa mtu mmoja. Ninyi mnayo mezani tayari, yamekaa kwenye viti vinne.

Sasa, neno "teknolojia" kwenye hilo agizo mlilopewa. Wengi wanalisikia kama vifaa: projekta, video, ubao wa kielektroniki. Mtu akihamisha maelezo ya ubaoni kwenda kwenye slaidi anajiona ameshavuka. Mwanafunzi ananakili slaidi badala ya ubao, tena kwa haraka zaidi, basi. Swali la kuuliza kwa kila chombo ni moja: kinamwezesha mwanafunzi kufanya au kuona nini ambacho bila hicho asingeweza? Kama hakuna jibu, chaki inatosha, na hapo Profesa wenu ana hoja.

Acha nikuonyeshe somo moja tulilolipanga sisi, kwa sababu maneno matupu hayatakusaidia. Ni somo la sampuli, yaani wachache wanaochaguliwa kuwakilisha wengi, na tulilichagua kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wetu walikuwa wanadanganya bila kujua kuwa wanadanganya. Unaijua ile fomula ya Yamane wanayoipenda, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: unachukua idadi ya watu, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Watu 1,200, kosa la asilimia 5, jibu ni 300 kamili. Mwanafunzi anaandika 300 kwenye andiko lake kwa fahari, kisha anaenda kugawa madodoso 300 kwa waliomo bwenini kwake na marafiki wa chumba cha jirani. Msimamizi anaangalia namba, namba ni sahihi, anasaini.

Tukanunua maharage. Kilo mbili na kitu, ya njano na mekundu, bei ya chai ya kikao kimoja. Tukapanga ndoo ndogo kumi, kila moja maharage 500, mekundu yakiwa 150, yaani asilimia 30. Jioni nzima watu wazima wanne wenye shahada tumekaa tunahesabu maharage kama watoto wa chekechea, mlinzi akapita dirishani akatuuliza kama tunafungua mgahawa.

Darasani wanafunzi walikaa kwa makundi ya wanne. Kwa darasa lenu la 280 yatakuwa makundi 70. Kila kundi linachota maharage kumi bila kuangalia, linahesabu mekundu, linarudisha, linapitisha ndoo. Halafu kundi linatuma namba moja tu kwa simu moja, kwenye fomu fupi ya mtandaoni. Namba zikiingia, jedwali linachora grafu yenyewe kwenye ukuta mbele yao. Ndoo zote zina asilimia 30, lakini grafu imetapakaa: wengi wamepata mawili, matatu, manne, ila kwa hesabu ya uwezekano, kati ya makundi 70 msishangae mawili hivi yakiambulia sifuri na mengine matatu yakipata sita au zaidi. Hapo darasa linaamka. Kundi lililopata sifuri linabisha kwamba ndoo yao haikuwekwa mekundu. Waache wabishe.

Baada ya hapo wanachota 40. Grafu inajikunja. Karibu makundi yote yanaangukia kati ya asilimia 16 na 44, na wa sifuri hayupo tena. Sampuli imezidishwa mara nne, mtawanyiko umepungua nusu. Mwanafunzi haambiwi, anaona, tena namba yake mwenyewe imo kwenye hiyo grafu.

Kisha inakuja ndoo ya kumi na moja, ambayo tuliitayarisha kando. Unajua debe la nyanya linavyopangwa barabarani: nzuri juu, zilizopondeka chini. Tulifanya hivyohivyo, mekundu tukayalaza juu. Mwanafunzi mmoja anaitwa mbele achote 40 kwa kukwangua juu. Anapata mekundu 34. Tunamuuliza: ukichota 100 kwa mtindo huohuo, utaukaribia ukweli? Kimya. Halafu kijana mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, "Kwa hiyo wale 300 wa bwenini..." Hakumalizia. Hatukuhitaji amalizie.

Teknolojia iko wapi hapo? Ni fomu moja na jedwali moja, vya bure. Lakini bila hivyo, kuandika namba 70 ubaoni mara mbili na kuchora grafu kwa mkono kunakula nusu saa, na wakati huo darasa limeshaanza kuongelea mpira. Chombo kilifanya jambo ambalo chaki isingeliwahi. Kingine chote kilikuwa maharage.

Lakini ninachotaka ukizingatie zaidi ni kilichotokea mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza somo liliharibika. Mimi nilikuwa mbele nafundisha na niliona kila kitu kinaenda vizuri. Wenzangu watatu walikuwa wamekaa kati ya wanafunzi na vijikaratasi. Mmoja aliona kwamba kwenye safu za nyuma wanafunzi walikuwa wanachagua mekundu kwa sababu yanapendeza, ndoo zilikuwa wazi. Mwingine aliona kwamba nilipotamka "chukueni kumi", makundi mawili kila mtu alichukua kumi yake. Haya tuliyarekebisha kirahisi: kitambaa juu ya ndoo, na maelekezo yakaandikwa.

La tatu aliliona mwenzetu wa uuguzi na lilikuwa zito. Alimsikia mwanafunzi akimweleza mwenzake kwamba nguzo ndefu kwenye grafu inaonyesha "maharage mengi". Nguzo ilikuwa inaonyesha makundi mengi. Yaani hawakujua kwamba kila namba iliyoingia pale ukutani ni sampuli nzima, si harage moja. Mimi nimefundisha takwimu muda mrefu na sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuisoma grafu ile vibaya. Nikakumbuka mitihani yote niliyosahihisha, majibu ambayo niliyaita ya ovyo, na nikaelewa yalikotoka. Muhula uliofuata kila kundi lilipewa karatasi ya kunata, likaandika namba yake na kwenda kuibandika ukutani kwa mkono kabla hatujafungua grafu ya kompyuta. Ukishabandika karatasi ya kundi lako huwezi kusema ni harage. Dakika sita zaidi, na grafu ya pili wote waliisoma.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kupotezeana muda. Nisingeligundua peke yangu hata kwa miaka kumi, maana mwalimu aliye mbele anaona nyuso, haoni madaftari.

Gharama yake nisikufiche. Somo lile la saa mbili lilitugharimu vikao vitatu vya karibu saa mbili kila kimoja, na ile jioni ya kuhesabu. Kozi nzima hamwezi kuiandaa hivyo, na mkijaribu mtagombana wiki ya nne. Kwa muhula wa kwanza chagueni masomo matatu tu, yale ambayo wanafunzi wenu wanaharibikia mwaka wa tatu. Kwa maelezo yako mimi ningechukua sampuli, kutunga dodoso, na kusoma data iliyokwisha kusanywa. Mada nyingine, aina za utafiti, sura za andiko, mtindo wa marejeo, igaweni tu kama mlivyozoea. Hakuna dhambi. Kubalianeni msamiati wa pamoja kwanza, ukurasa mmoja, yasije yakawakuta yaliyotukuta sisi na visanduku vitatu.

Kwa somo la dodoso hapo Mbeya mna utajiri ambao sisi tunauonea wivu. Wanafunzi watunge swali lao kwenye simu, kwa KoboToolbox, mfumo wa kukusanya majibu kwa fomu, ambao programu yake ya Android inajaza fomu bila mtandao na kutuma baadaye mkirudi kwenye bando. Waende soko la Mwanjelwa asubuhi moja, kila kundi wauzaji watano, swali lenyewe liwe rahisi: jana uliuza viazi kiasi gani? Watarudi na "gunia moja na nusu", "madebe manne", "sado kumi", na wengine wataandika namba tupu. Kisha waulizwe: gunia lipi? Gunia la kawaida, au lumbesa iliyoshonewa kilemba juu? Watu wawili wamesema gunia moja, na mmoja ameuza viazi vingi zaidi kuliko mwenzake kwa tofauti ya kutisha. Mwanafunzi aliyekariri kwa Kiingereza maana ya kipimo halali cha utafiti, yaani kinachopima kweli kile kilichokusudiwa, akaiandika kwenye mtihani akapata alama zote, hapo ndipo anaielewa kwa mara ya kwanza. Tena anaieleza kwa Kiswahili, na nakuomba mumruhusu. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, lakini wazo likishaingia kwa lugha anayoiotea, kulivalisha Kiingereza ni kazi ndogo.

Fomu ya simu inasaidia nini kuliko karatasi? Jioni ileile majibu yote yako kwenye jedwali moja na makosa yanaonekana yamejipanga: safu nzima ina vipimo vitano tofauti. Kwa karatasi mngeyaona baada ya wiki mbili za kuingiza data, na hasira zimeshapoa. Pia fomu inaweza kufundishwa kukataa umri wa miaka 200 au kuruka maswali yasiyomhusu mtu. Waulize wanafunzi, hutakosa mwenye kaka au dada aliyekuwa karani wa sensa ya 2022. Makarani wale walitumia vishikwambi, wanajua fomu inayogoma ilivyo.

Kabla hamjawatoa nje, mambo mawili. Uongozi wa soko upewe barua na mzungumze nao ana kwa ana. Asubuhi ya soko ni mkate wa mtu, wanafunzi 280 wakivamia kwa pamoja mtafukuzwa kwa haki. Pelekeni kwa awamu. Na fomu isiulize jina wala namba ya simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwanafunzi anayejifunza utafiti ajue mapema kwamba taarifa ya mtu haikusanywi kwa sababu tu fomu ina nafasi.

Kuhusu programu, msinunue kitu. SPSS halali, ile programu ya kuchambua takwimu, ina bei kubwa, na ile ya kwenye flashi inayopita mabwenini inakuja na virusi na inamfundisha mtafiti mtarajiwa kuanza kazi yake kwa wizi. JASP na jamovi zinafanya kazi hiyohiyo, ni za bure, zinafungua faili za SPSS, na menyu zake anayejua Excel anazizoea ndani ya mchana mmoja. R nayo ni bure na ina nguvu kuliko zote, ila kwa mwaka wa pili mtajikuta mnafundisha kuandika msimbo badala ya utafiti. Kompyuta 20 zinazowaka zinatosha kama wanafunzi watatu wanakaa kwenye moja na mnaingia kwa zamu. Tatu kwa moja si umaskini wa kuuonea aibu. Anayeshika kipanya inabidi awaeleze wenzake anachokifanya, na wao wanambishia. Kwa data, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina tafiti za kaya ambazo mnaweza kuomba kuzitumia. Kateni kipande kidogo, safu nane, kaya mia mbili, mkiache na uchafu wake kidogo ili wajifunze kusafisha.

Video. Kijana wenu msimkatishe tamaa, ila mpigieni hesabu. Video ya dakika kumi yenye ubora wa kawaida inafika MB 75. Sauti ya dakika hizohizo ikibanwa vizuri haifiki MB 5. Mwanafunzi anayesubiri bumu, fedha yake ya mkopo, atachagua nini? Na kuna jambo la saa. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa pamoja na anazosoma mwenyewe. Mkiongeza video za mihadhara juu ya mihadhara ileile, mnamnyang'anya muda bila kumwambia. Mwombeni kijana arekodi vitu vifupi ambavyo mtu anahitaji kurudia mara tano: jinsi ya kufungua faili kwenye jamovi, jinsi ya kupakia fomu kwenye simu. Dakika tatu tatu, ziwekwe pia kwenye kompyuta za maabara. Mihadhara yote? Hapana.

Na pangeni kila somo kana kwamba umeme utakatika dakika ya kumi na tano. Somo letu la maharage lilikatikiwa mara ya tatu tulipolifundisha, na karatasi za kunata zikaliokoa. Kama somo lenu likifa pamoja na projekta, bado halijapangwa.

Kuna hili la akili mnemba, ambalo hukuliuliza lakini litawafuata. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, mwanafunzi hana tena haja ya kutafuta andiko la mwaka jana, anaweza kuagiza jipya akiwa kitandani. Kupiga marufuku hakujatusaidia. Kilichosaidia kidogo ni kuchukua orodha ya marejeo kumi iliyotungwa na mashine, kila kundi likapewa moja walitafute. Baadhi wanalikosa kabisa: jarida lipo, mwandishi yupo, makala haipo. Tayarisheni orodha hiyo wenyewe na muihakiki siku moja kabla, maana mashine hizi zinabadilika na siku nyingine zinaleta marejeo ya kweli yote kumi, mkaumbuka.

Sasa Profesa. Mdogo wangu, usiende kwake na neno teknolojia. Nenda na daftari, mwombe jambo moja: "Mzee, katika miaka yote uliyofundisha kozi hii, wanafunzi wanaharibikia wapi?" Halafu nyamaza uandike. Mzee wa namna hiyo amesahihisha maandiko mengi kuliko ninyi watatu mkijumlishwa, na anajua mashimo yote yalipo. Kinachomchosha ni vijana wanaokuja na vyombo kabla ya kuuliza. Orodha yake ndiyo iwe ajenda ya kikao chenu cha tatu. Na siku ya somo la kwanza asifundishe yeye, wala kijana wa TEHAMA. Fundisha wewe, na mzee akae nyuma kati ya wanafunzi na karatasi. Sisi mzee wetu, baada ya siku moja ya kukaa pale nyuma, alianza kuja ofisini bila kuitwa. Sikuahidi wako atafanya hivyo. Wapo wasiogeuka, na hapo mtafanya kazi watatu kwa heshima.

Kuna mahali jibu la maandishi halitoshi. Kama ninyi wanne hamkubaliani juu ya jambo la takwimu lenyewe, msimalizie kwa kupiga kura, nendeni mkakae na mtu wa takwimu wa chuo, na faili mezani. Kama wanafunzi wa uuguzi watagusa wagonjwa au majalada ya hospitali, hata kwa zoezi, simameni kwanza mpite kwenye kamati ya maadili ya chuo. Wao watawaambia kama inahitaji kufika NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na hilo halipimwi kwa kukisia. Kama mna mwanafunzi asiyeona au asiyesikia, mwiteni mezani mkiwa bado mnapanga, pamoja na kitengo cha mahitaji maalumu, si siku ya somo. Harage jekundu na la njano kwa asiyeona ni kitu kilekile. Sisi ilibidi tuchanganye maharage na karanga. Na ikitokea ugomvi wa nani aandikwe mwandishi wa kwanza wa kozi, usiubebe wewe mwenye cheo kidogo. Upelekeni kwa mkuu wa idara mapema, ukiwa bado mdogo.

Kikao chenu cha tatu, basi: msifungue kompyuta hata moja. Leteni maandiko kumi ya mwaka wa tatu ya mwaka jana, muyafungue kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, na kila mtu azungushie kwa kalamu mahali pa kwanza alipokunja uso. Pale kalamu nne zitakapokutana, hapo pana somo lenu la kwanza. Maharage hapo Mbeya hayakosekani, msisingizie bajeti.